Mkuu mwache dogo aende akachore, mimi nilienda nikidhani ni utapeli

Mkuu nimeusoma uzi wako mara mbili nikiwa kwenye treni, nikasema leo lazima nijibu japo mimi huwa nasoma tu na kupita. Kwa waliochelewa: jamaa ana mdogo wake yuko Hamburg, Ujerumani, mwaka wa pili, anasomea uuguzi kwa ile wanaita Ausbildung, yani unasoma huku unafanya kazi, siku hizi simu hapokei, akipokea anasema niko poa af anakata. Sasa dogo kamtumia picha ya tangazo la mwanasaikolojia anayekusanya wageni kila Jumamosi wanachora, wanapiga picha, wanaandika barua, bure kabisa, na kaka mtu anauliza huu ni utapeli, ni dini mpya, au kweli inasaidia. Nimeona wachangiaji wengi wanasema aache udeko abebe boksi. Mimi boksi nimebeba, na wazee wa Kijerumani nimebeba pia maana nafanya kazi nyumba ya wazee, kwahiyo naomba mnisikilize kidogo.

Nilifika hapa Hamburg 2017 nikitokea Tanga. Miaka mitatu ya kwanza sikuwa na shida, au niseme sikuwa na muda wa kuiona, ni Kijerumani, mitihani, shifti, kulala. Februari 2021 mzee wangu akafariki. Sisi Waislamu maiti hailali, amefariki usiku, baada ya adhuhuri kashazikwa, yani hata ningekuwa na ndege yangu mwenyewe nisingewahi. Nilizika kwa vidio. Mpwa wangu ndo kashika simu, mtandao unakatakata, naona migongo ya watu na udongo, mara picha inaganda mkono wa mtu umeinuliwa juu, mpaka leo sijui ulikuwa mkono wa nani. Saa nane nikaingia shifti ya mchana, saa kumi na moja nikawa namlisha supu mzee mmoja umri sawasawa na baba. Sikulia. Nilijiona kidume.

Basi kuanzia hapo usingizi ukaniaga. Sio siku moja mbili, nazungumzia mwaka na kitu. Ukiongeza na baridi ya huku, Desemba jua linazama saa kumi jioni na asubuhi unatoka giza bado, unaweza kumaliza wiki hujaliona. Nikaenda kwa daktari akapima damu, akasema vitamini D iko chini, nyingine zote safi, ila unahitaji mtu wa kuongea naye, akanipa karatasi ya majina. Nikapiga simu moja baada ya nyingine, wengi hawapokei wagonjwa wapya, aliyekuwa na nafuu akaniambia nisubiri miezi saba. Sasa nikiwa natoka hapo kwa daktari siku nyingine ndo nikaona tangazo mlangoni kama hilo la dogo.

Mwanasaikolojia mwenyewe ni mama wa Kikolombia, naye alimfuata mumewe huku, digrii yake ya kwao ikamzungusha maofisini miaka. Siku ya kwanza akatuambia wazi, hapa sitibu mtu, hii sio tiba ya hospitali, mwenye kuhitaji daktari nitamwambia aende kwa daktari, na bima haiingii humu, ukumbi na rangi vinalipiwa na mtaa. Mkuu hiyo ndo alama ya kwanza ya kuangalia kuhusu utapeli. Anayekuahidi utapona kwa wiki nne ulipe kwanza, huyo kimbia. Jina la tabibu wa saikolojia Ujerumani linalindwa kisheria, mtu hajiiti tu.

Tulikuwa kumi. Nilidhani nitakuta wabeba boksi wenzangu, kumbe kulikuwa na injinia Mhindi wa kiwanda cha ndege, mshahara wake ukiusikia unakaa chini, kampuni imemlipia nyumba na shule ya watoto, na dada wa Kibrazil ambaye kazi yake ilikuwa kumfuata mume kila nchi anayopelekwa, hii ilikuwa ya nne. Pia mama wa Kisyria, Mghana, dada wa Kikenya kutoka Kisumu, na wengine. Nikashangaa huyu injinia analia nini. Wiki ya tatu nikaacha kushangaa, maana alisema nyumba yake ina vyumba vitano na hajawahi kugongewa mlango na jirani hata mara moja.

Mama akaanza kwa kutupa hadithi ya kweli. Mwaka 1688 daktari kijana anaitwa Johannes Hofer aliandika tasnifu chuo cha Basel, Uswisi, kuhusu ugonjwa wa kutamani nyumbani, yeye ndo aliyelitunga neno nostalgia kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, kurudi nyumbani na maumivu. Mmoja wa wagonjwa aliowaandika ni mwanafunzi wa kutoka Bern aliyekuwa anasoma hapo Basel, kalala kitandani anakwisha, wakasema basi arudishwe kwao, na akaanza kupata nafuu akiwa bado njiani. Injinia akatoa simu akaangalia ramani, Bern na Basel hazifiki hata kilomita 100 kwa mstari! Yani ni kama mtu katoka Korogwe kaja Tanga mjini akaugua. Tukacheka sana, na nadhani ndo siku ya kwanza nimecheka humo. Af nikajiuliza kama huyo wa kilomita mia alilala kitandani, mimi wa bahari na bara zima najilaumu nini.

Sasa kuchora. Nataka nikuambie ukweli, siku ya kwanza nusura niondoke. Nimetoka shifti ya usiku, macho mekundu, naambiwa shika chaki ya rangi kwa mkono wa kushoto chora ulivyoamka leo. Nikasema hii chekechea. Na sharti lake moja ni kwamba hakuna kusifia mchoro wa mtu, huruhusiwi kusema mzuri wala mbaya, unasema tu "naona hapa pana rangi nyeusi nyingi" au "naona mtu huyu hana miguu". Mwanzo niliona ujinga, ila sharti hilo ndo lilinifanya nibaki, maana mimi sijui kuchora kabisa na hakuna aliyejali. Alituambia kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel kule Marekani, Girija Kaimal, 2016 alitoa utafiti wa watu 39, walichora na kufinyanga dakika 45, wakapimwa mate kabla na baada kuangalia kotisoli, ile homoni ya stresi, karibu robo tatu yao ikashuka na haikujalisha kama mtu aliwahi kuchora au la. Watu 39 sio wengi na robo yao haikushuka, kwahiyo sikuambii ni dawa. Nakuambia tu kwamba asijinyime kwasababu hajui kuchora.

Kazi iliyonigusa ni ile ya mti. Inaitwa Mti wa Uhai na msidhani ni ya Wazungu, ilianzishwa na mwanasaikolojia wa Zimbabwe, Ncazelo Ncube, akishirikiana na David Denborough wa Australia, kwa ajili ya watoto waliopoteza wazazi kwa Ukimwi, baadaye ikasambaa mpaka huku. Unachora mti. Mizizi ni ulikotoka, ardhi ni maisha yako ya kila siku ya sasa, shina ni unayoyaweza, matawi ni matumaini, majani ni watu wako, matunda ni vitu ulivyopewa na wengine. Mimi mtu wa Tanga nikachora mnazi. Mama kaja kaangalia, akaniuliza matawi yako yako wapi? Nikamwambia mama, mnazi hauna matawi, una makuti. Akasema basi matumaini yako utayaandika wapi, nikakaa nikifikiri nikayaandika kwenye madafu. Mizizi nilijaza haraka sana, mnazi una mizizi mingi myembamba, nikaweka bibi, madrasa, mpira wa ufukweni, harufu ya samaki wa kukaanga, baba. Majani yakajaa. Nilipofika kwenye ardhi nikaandika kazini, treni, kulala. Kalamu ikagoma hapo. Mkenya alikuwa na kwaya, Mghana ana kanisa lake na mpira Jumapili, hata mama wa Kisyria asiyejua Kijerumani alikuwa na jirani anayebadilishana naye vyakula. Mimi miaka mitano maneno matatu. Nilikuwa naamini ugonjwa wangu ni Tanga kuwa mbali, kumbe tatizo kubwa lilikuwa Hamburg, mguu mmoja sikuwahi kuuweka chini.

Hilo hakuniambia mtu. Ningeambiwa na mtu ningebisha, nawajua Waswahili wenzangu tulivyo.

Kazi ya picha ndo iliyoleta kelele. Akasema leteni picha ya kitu mnachokiishi kila siku ambacho hamjawahi kukituma nyumbani. Wakuu tusidanganyane, kila mmoja wetu huku ana ile picha kaegemea gari la mtu. Mimi ninayo, Mercedes nyeusi, sio yangu, hata mwenye gari simjui. Nikaleta picha ya miguu yangu baada ya shifti, imevimba na alama za soksi. Dada wa Kisumu akaleta risiti za kutuma pesa, kazipanga mezani kama karata. Injinia akaleta meza ya kulia ya viti nane na sahani moja. Ukumbi ulikaa kimya we acha tu.

Ile ya miguu nikaja kumtumia dada yangu, bila maneno. Akanipigia saa hiyohiyo, kaka kumbe kazi unasimama? Alidhani nakaa ofisini. Na nisiwadanganye, vizinga havijaisha, wiki iliyofuata aliomba ya ada ya mtoto, ila alianza kwa kuuliza miguu inaendeleaje, na nikiwa sina sasaivi nasema sina bila kutunga stori.

Ila barua ilinitesa, na hapa ndo uwe makini na mdogo wako. Unaandika dakika 20 kwa mtu ambaye hukumuaga, lugha yako mwenyewe, hakuna anayesoma. Nikamwandikia baba. Usiku ule sikulala kabisa na kesho yake nilikuwa hovyo kuliko mwanzo, nikataka kuacha. Mama alikuwa ametuonya mapema. Mmarekani James Pennebaker aliyeanza kuchunguza uandishi huu miaka ya 1980 aliona kwamba walioandika mambo mazito walitoka pale na huzuni zaidi siku hiyohiyo, ila miezi iliyofuata wakawa wanaenda kwa daktari mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Kwangu ilichukua kama wiki mbili. Mwisho wengine walichoma barua zao, mimi yangu ipo kwenye boksi la viatu chini ya kitanda, sijaisoma tena. Sasa kama dogo anaandika akiwa peke yake chumbani bila mtu wa kumwangalia, siishauri.

Na kama katika hiyo "niko poa" yake kuna siku katamka kwamba heri afe, achaneni na kuchora na achaneni na huu uzi. Kuna TelefonSeelsorge, simu ya msaada ya Ujerumani kwa waliolemewa, 0800 111 0 111, bure, usiku na mchana, na hali ikiwa mbaya ni 112, namba ya dharura. Na wewe mpigie mtu anayeishi naye agonge mlango, wewe uko Dar huwezi kugonga.

Mwisho tulitengeneza vitambaa. Nikawapelekea kanga ya mama yangu niliyokuja nayo, nikawaeleza pindo ni hii, mji ni huu wa katikati, na hapa chini ndo jina, na kwamba kwetu mtu akitaka kumsema jirani hamfuati, anavaa kanga anapita mbele ya nyumba yake. Hilo la kumsema jirani walilipenda kupita yote! Kila mtu akatunga jina kwa lugha yake. Mimi nilitoa hili: MSIULIZE NILICHOPATA ULIZENI NILIVYOLALA. Nikaipiga picha nikaitupia kwenye grupu la familia, kimya dakika kumi, nikajua nimeharibu. Af mama yangu, ambaye kuandika meseji kwake ni kazi ya nusu saa, akajibu: haya mwanangu umelalaje.

Kwahiyo mkuu jibu langu, aende. Asitegemee atatoka kapona, mimi baada ya zile Jumamosi nane nilienda pia kwa tabibu zamu yangu ilipofika, nikakaa naye mwaka, na bado kila Februari siko sawa. Ila nilienda nikiwa najua cha kumwambia. Ardhi yangu sasaivi ina maneno sita, nacheza mpira na wale Waghana, napigwa chenga na watoto.

Kuna mtu juu huko kauliza kama lazima ujue Kijerumani. Kwetu yule mama wa Kisyria alikuwa hajui hata neno. Wiki zote nane, kazi yoyote tuliyopewa, alichora mlango wa nyumba yao ya Aleppo. Nimesema wiki zote nane. Wiki ya saba ndo mara ya kwanza aliuchora umefunguliwa kidogo, akauweka mezani, akaenda kutumiminia chai.