Muulize Ami: Mshipi wa bahari hauvui bwawani

SWALI: Salaam aleikum, ami. Mimi mzaliwa wa Mji wa Kale, na tangu utoto navua mshipi chini ya Fort Jesus. Juzi niliwapeleka wanangu wawili kwenye bwawa la umma upande wa Kwale, tukaketi toka saa nne hadi saa nane mchana. Perege tuliwaona kwa macho wakizunguka chambo, chambo kikaliwa kila mara, na ndoana ikarudi tupu. Vijana wa pale wenye vijiti vya mianzi walitucheka. Kosa letu nini? — *Baba wa wawili, Kisauni*

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Usiwakasirikie. Mimi nilichekwa vibaya zaidi. Nilipohamishiwa Taveta kikazi nilikwenda Ziwa Jipe na mshipi wangu wa kolekole, na chubwi langu kubwa kama yai la njiwa. Nilipolirusha, mzee mmoja akaniuliza, "Wavua, au wawapiga mawe mamba?" (Mamba wapo Jipe, na viboko pia, kwa hiyo sikucheka sana.)

Baharini twataka chubwi zito kwa sababu ya mkondo. Bwawani hakuna mkondo, basi uzito wa nini? Perege ana kinywa kidogo, na chambo hakinyakui kama samaki changu wa baharini. Hukivuta ndani, akihisi kitu kigumu hukitema, nawe umeketi wangojea mkono ushtuke! Nunua uzi mwembamba na ndoana namba 10 au 12, na kumbuka kuwa hapa namba ikipanda ndoana inapungua. Chubwi liwe kama punje ya pilipili manga. Boya nakata kwenye ndara kuukuu, kipande kama kidole gumba. Chambo ni unga uliokandwa ukashikana, kidonge cha ukubwa wa dengu kinachofunika ncha yote, au kipande cha nyungunyungu. Boya likiinama au likitambaa kando, inua mkono taratibu. Ukivuta kwa nguvu za baharini utamchana mdomo aende zake.

Saa nazo mlizikosea. Jua la utosi huwapeleka samaki kwenye kina na kivuli. Lakini usiamke alfajiri sana pia, hasa bwawa likiwa la kijani. Usiku ule ukijani hauna jua, hautoi hewa, bali huitumia, na kabla ya mapambazuko maji huwa yamepungukiwa. Ukiwaona samaki juu wakihema kwa midomo, hawana hamu ya chakula. Mimi hutupa ndoana baina ya saa moja na nusu na saa tatu, halafu narudi alasiri, karibu na matete.

Ukiona vishimo vya duara chini, ukingoni, hapo dume la perege amejichimbia kiota. Jike akishataga hukusanya mayai kinywani na kuyalea humo mpaka vifaranga waweze kuogelea. Kwa hiyo ukimpata mwenye koo lililofura, mrudishe upesi, wala usimbinye.

SWALI: Ami, mume wangu kaacha bahari yote hii aniletea samaki wa bwawani wananuka tope. Niwafanyeje? — *Mama wa Likoni*

JIBU: Pole, bi mkubwa. Harufu ile haitokani na uchafu wa samaki, bali na vijidudu na mwani mdogo wa maji yaliyotuama, na huingia kwenye mafuta ya nyama yake. Mwambie awalete hai na awaweke siku mbili tatu katika pipa la maji safi, akiyabadilisha. Kama wamekufa, vua ngozi, kwangua utando mweusi wa tumboni, kisha warowanishe kwa ndimu au ukwaju, maana ukali wake huivunja harufu hiyo. Nimewala wa kupaka, na tui liliwasitiri vizuri. Kambare, hata hivyo, mimi nataka akaangwe mpaka akauke.

SWALI: Nataka kuwapeleka wanafunzi bwawani. Je, twahitaji leseni, na waweza kuingia majini? — *Mwalimu, Mtwapa*

JIBU: Leseni, ndiyo. Sheria ya uvuvi ya 2016 inataka kibali hata kwa anayevua kwa burudani. Piteni ofisi ya uvuvi ya kaunti mlikokusudia kwenda, mkaulize na wasimamizi wa bwawa.

Majini, hapana mwalimu, hata vifundo vya miguu. Sisi wa maji chumvi hatukulelewa na hofu hii. Kichocho hakipo baharini, lakini Kwale kipo. Konokono wadogo wa maji tamu hutoa viluwiluwi visivyoonekana kwa macho, vikatoboa ngozi ya mtu aliyesimama tu. Zaidi hutoka jua likipanda, yaani saa zile zile watoto wanapotamani kuoga. Anayevua asimame ukingoni pakavu, na atakayelazimika kufuata ndoana iliyonasa avae buti ndefu za mpira.

Nawe baba wa Kisauni, iwapo wanao walichezea maji siku ile, wapeleke wapimwe mkojo wiki 6 hadi 8 baadaye. Usingoje uone damu. Dawa yake, prazikwanteli, ni vidonge vya kumeza.