Nyufa kwenye nguzo za darasa: tumshike nani?

Swali: Niko kwenye kamati ya ujenzi ya shule. Jengo letu la ghorofa moja lilikabidhiwa mwaka jana, na sasa nguzo mbili za chini zina nyufa za mshazari. Mkandarasi anasema alifuata michoro, mhandisi anasema michoro haina kasoro, mamlaka ya kukagua majengo inasema cheti kilishatolewa. Nani anawajibika?

Jibu: Ndugu mjumbe, kwanza watoeni watoto. Ufa mwembamba wa lipu hautishi sana, lakini ufa wa mshazari kwenye nguzo huenda ukamaanisha nguzo imezidiwa, na nguzo inaweza kuvunjika bila onyo la kutosha. Fungeni vyumba vinavyoitegemea, kisha mwiteni mhandisi ambaye hakuhusika kabisa na mradi huo.

Kuhusu lawama: mhandisi hujibia michoro na hesabu zake, mkandarasi kazi yake, msimamizi wa ujenzi kile alichokiidhinisha, mamlaka ukaguzi wake. Tatizo ni kwamba makosa mabaya zaidi hufunikwa na zege. Ringi (vyuma vyembamba vinavyozungushwa kufunga nondo) zikipangwa mbalimbali mno, au nondo zikiwa nyembamba kuliko zilizochorwa, siku ya makabidhiano hakuna anayeziona. Kwa hiyo ulizeni hivi: nani alikagua nondo kabla zege halijamwagwa, na saini yake iko wapi?

Ombeni kwa maandishi kumbukumbu za kila siku za ujenzi, fomu za ukaguzi na majibu ya vipimo vya zege. Zege la daraja la C25 linatarajiwa kufikia nguvu ya 25 N/mm² (nyutoni kwa milimita ya mraba) mchemraba wa zege hilo ukibanwa maabara baada ya siku 28. Majibu ya siku 7 peke yake hayatoshi. Mkiletewa karatasi ambayo namba zake zote zinafanana, itilieni shaka. Zege la kweli hutofautiana. Kumbukumbu zisipokuwepo, msimamizi ana maswali ya kujibu, na jengo lenyewe bado linaweza kuulizwa: kuna vifaa vya kutambua nondo zilipo bila kubomoa, na zege hukatwa kipande kikapimwe maabara. Nyundo ya kupima ugumu hugusa uso tu, msiikubali kama ushahidi pekee.

Hili si la nchi maskini tu. Januari 2016 ukuta wa shule moja mjini Edinburgh, Uskoti, uliporomoka wakati wa dhoruba, na baadaye shule 17 zikafungwa. Uchunguzi ulikuta vyuma vya kuunganisha kuta havikuingia vya kutosha ndani ya ukuta, na usimamizi huru ulikuwa hafifu. Jimbo la California, Marekani, lilichukua njia ninayoiona bora: baada ya tetemeko la Long Beach la Machi 1933, sheria ya mwaka huohuo ilitaka ujenzi wa shule za umma ukaguliwe mfululizo, na msanifu, mhandisi, mkaguzi na mkandarasi kila mmoja athibitishe kwa kiapo kwamba kazi ilifuata michoro iliyoidhinishwa. Mkaguzi pale hulipwa na upande wa shule. Anayelipwa na mkandarasi atasimamisha vipi kazi ya mkandarasi?

Kama kipindi cha matazamio (muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro) hakijaisha, mwandikieni mkandarasi leo, nakala kwa mhandisi na mamlaka, na msiachie fedha za mkandarasi zilizozuiliwa hadi kipindi hicho kiishe. Wala mtu asipake lipu juu ya nyufa hizo kabla hazijapimwa na kupigwa picha.