Kuishi bila ugali: maswali yenu ya wiki hii

Nimeacha ugali, wali na chapati, sasa niko wiki ya pili. Nimepungua kilo tatu, lakini kichwa kinagonga na miguu inakaza usiku. Niache? – Msomaji, Dodoma

Usiache bado, angalia chumvi kwanza. Wanga ukipungua, insulini hushuka, na figo huanza kumwaga chumvi na maji kwenye mkojo. Akiba ya wanga iliyo kwenye ini na misuli nayo huisha, na kila gramu yake huondoka na takriban gramu tatu za maji. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hizo kilo tatu ni maji. Mafuta huyeyuka polepole, usishangae mwezi wa pili mizani ikigoma.

Kunywa bakuli la supu ya mifupa yenye chumvi asubuhi na jioni; chumvi ya ziada isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku. Ongeza nusu parachichi na mchicha, upate potasiamu. Kujilazimisha lita nne za maji matupu kunazidisha tatizo, kwa sababu chumvi iliyobaki inazimuliwa zaidi. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au figo asiguse ushauri huu wa chumvi kabla ya kuongea na daktari wake.

Mamangu ana kisukari, anameza glibenclamide na metformin. Aanze? – Msomaji, Nakuru

Anaweza, ila asianze kesho. Glibenclamide hulisukuma kongosho litoe insulini, awe amekula ugali au hajala. Akiacha wanga ghafla na kumeza kidonge kilekile, sukari inaweza kushuka chini ya 3.9 kwenye mashine: jasho, mikono kutetemeka, maneno kuchanganyika. Daktari anaweza kupunguza au kusimamisha dawa hiyo siku ileile anayobadili chakula, na anayechoma insulini vilevile hupunguziwa dozi. Metformin peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi.

Wiki mbili za mwanzo apime kabla ya kifungua kinywa, kabla ya chakula cha jioni na kabla ya kulala, na sukari ya kulamba iwe karibu na kitanda. Akiwa na dawa za presha, kizunguzungu anaposimama ni ishara kwamba dozi imekuwa kubwa kwake.

Dawa nyingine za kisukari, za kundi la dapagliflozin na empagliflozin, zina hatari yake: damu inaweza kujaa ketoni, yaani asidi ambazo mwili hutengeneza ukichoma mafuta, huku mashine ikionyesha sukari nzuri. Kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma na kuhema haraka ni safari ya hospitali usiku huohuo, na mwombe apimwe ketoni, si sukari tu.

Wamasai wanaishi kwa nyama. Kwa nini mimi nisile nyama choma tu, bila mboga? – Msomaji, Arusha

Chakula cha jadi cha Wamasai kilitegemea maziwa kuliko nyama. Na maziwa yana sukari yake, karibu gramu 5 kwa kila mililita 100. Moran akinywa lita mbili amekula gramu 100 za wanga, kiasi ambacho wafuasi wengi wa mlo huu wangekikimbia. Tena supu yao huchemshwa na magome ya miti.

Nyama tupu ilijaribiwa New York mwaka 1928: msafiri na mtafiti wa nchi za barafu, Vilhjalmur Stefansson, alianzia chini ya uangalizi katika hospitali ya Bellevue na akala hivyo mwaka mzima. Alipopewa nyama isiyo na mafuta aliharisha na kudhoofika siku chache tu; alipona aliporudishiwa mafuta. Mwili una kikomo cha protini unayoweza kuitumia kama nishati. Basi kwenye choma usikwepe kipande chenye mafuta, na mboga za majani ziwepo: bila nyuzi, choo hukauka.

Ndizi za kupika na mihogo nazo zinahesabiwa? – Msomaji, Bukoba

Zinahesabiwa. Gramu 100 za muhogo zina wanga karibu gramu 38, kuliko wali uliopikwa wenye takriban 28.

Nina mwaka na nusu, sukari nzuri, ila lehemu mbaya (kolesteroli ya LDL) imepanda sana. – Msomaji, Mombasa

Usiipuuze eti kwa sababu umekonda. Samli na mafuta ya ng'ombe yapishe samaki, korosho, parachichi na mafuta ya alizeti, kisha rudia kipimo baada ya miezi mitatu. Isiposhuka, rudisha maharage, hata wanga ukifika gramu 100 kwa siku, na zungumza na daktari kuhusu dawa. Soseji ziache kabisa. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani limeziweka, pamoja na nyama nyingine za kusindikwa, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani.

Nyama ni ghali. Nile maini kila siku? – Msomaji, Mwanza

Hapana. Gramu 100 za maini ya ng'ombe zinapita kikomo cha vitamini A cha siku nzima, mikrogramu 3,000. Mara moja kwa wiki yanatosha, na mjamzito ayaache. Wewe uko ziwani: dagaa wanaliwa na mifupa yao, kwa hiyo unapata na kalsiamu. Wachambue, waoshe kwa maji ya moto mara mbili mchanga utoke, wakaange mpaka wakauke ndipo utie kitunguu na nyanya. Ukitanguliza nyanya watavurugika na kunuka.