Rula haivuti karatasi? Usiilaumu fizikia

Ninaowafundisha twisheni hapa Chumbageni, Tanga, huniletea lawama hiyo kila masika. Kijana amesugua rula kwenye nywele weee, vipande vya karatasi vimelala tu mezani. Kisha anahitimisha kwamba unyevu hudhoofisha nguvu kati ya chaji, yaani ule umeme unaokusanyika juu ya kitu kikisuguliwa.

Sivyo. Hewa ikiwa kavu au ikiwa na unyevu, nguvu yenyewe haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Kinachopungua ni chaji: utando mwembamba wa maji hutanda juu ya rula, chaji zikatorokea humo hadi mkononi mwako.

Kwa hiyo jaribio usilifanye alfajiri. Ngoja saa nane mchana, anika rula juani kwanza, au ingia chumba chenye kiyoyozi. Nywele zenye mafuta ya nazi achana nazo, tumia tishu kavu. Mimi napenda zaidi mirija ya plastiki ya kunywea soda. Ning'iniza mmoja kwa uzi, usugue, kisha usogezee mwingine uliosuguliwa kwa tishu ile ile. Ukiwa mbali, kimya. Ukikaribia sana, ule wa kwenye uzi unageuka na kukimbia.

Umbali ndio wenye neno kubwa hapa. Charles-Augustin de Coulomb, Mfaransa, alipima jambo hili mwaka 1785 kwa mizani ya waya unaosokoteka. Umbali ukiwa mara mbili, nguvu hubaki robo. Ukiwa mara tatu, sehemu moja ya tisa. Chaji ya kitu kimoja ikiongezeka mara mbili, nguvu nayo huongezeka mara mbili, basi.

Hayo wanafunzi huyakariri vizuri, halafu hawageuzi sentimita kuwa mita. Weka chaji mbili za maikrokulombi 1 kila moja (kulombi ni kipimo cha chaji, maikro ni sehemu yake ya milioni), sentimita 3 kutoka moja hadi nyingine: unapata nguvu ya nyutoni 10, karibu uzito wa kilo moja ya sukari. Ukiandika 3 badala ya 0.03, unapata nyutoni 0.001. Alama zimekwenda.

Mtego mwingine: chaji kubwa na ndogo, ipi husukumwa zaidi? Nguvu ni sawa kwa zote mbili.

Ukitaka kitu kinachoipunguza nguvu hasa, ni maji yenyewe, si unyevu wa hewani. Ndani yake nguvu kati ya chaji hushuka takriban mara 80. Ndiyo maana punje ya chumvi, ngumu vile, ukiitia kwenye glasi ya maji sodiamu na kloridi zinazoiunda huachiana.