Jibu la msomaji: Waliomba mwajiri aje mlimani

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Mgomo wa wachimbaji unapogeuka kuwa siasa, wa kulaumiwa ni wafanyakazi au ni wanasiasa?" Kwangu mimi swali limeanzia katikati. Kabla mwanasiasa hajafika, kuna mtu anayetakiwa kupeleka maneno ya mchimbaji kwa tajiri na kumrudishia majibu. Huyo akiacha kuaminika, na tajiri akang'ang'ania kwamba lazima yapitie kwake tu, siasa imeshaingia hata kama hakuna aliyepanda jukwaani.

Nalisema hili kwa sababu ya babu yangu mzaa baba. Miaka ya 1950 alitoka Rungwe akaenda Wenela. Wazee wa nyanda za juu kusini hawahitaji kuelezwa, lakini kwa vijana: Wenela ndilo jina watu walilolipa shirika lililoandikisha wanaume wa Tanganyika, Nyasaland na Msumbiji kwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Baada ya uhuru serikali yetu iliikata njia hiyo. Babu alirudi na baiskeli, na kifua ambacho hakikupona hadi tunamzika. Alichokilalamikia zaidi hakikuwa mwamba wala joto la chini. Alimlalamikia induna, mnyapara wa kambini aliyewekwa na kampuni awasemee watu wa kabila lake. Ukiwa na shida unamwambia induna. Induna anaamua kama imfikie mzungu, na ikifika imefika kwa namna anayotaka yeye.

Basi habari za mgomo wa Marikana na wachimbaji waliouawa na polisi zilipotufikia Agosti 2012, nilizifuatilia kama habari za nyumbani. Marikana iko karibu na Rustenburg, Afrika Kusini, na mgodi wa platini ulikuwa wa kampuni ya Lonmin. Hiyo Lonmin ndiyo Lonrho ya zamani iliyobadili jina mwaka 1999, ile ile ambayo serikali ya Mwalimu Nyerere ilichukua mali zake hapa mwaka 1978.

Walioanzisha mgomo walikuwa wachorongaji, wale wanaotoboa mwamba ili baruti iwekwe. Fikiria mtu aliyejikunja mahali ambapo dari ni la mwamba, kimo chake kama mita moja, ameshikilia mashine nzito inayomtikisa mwili mzima, maji yanamrukia na masikio yamejaa kelele. Bila yeye hakuna mawe ya kupakia wala platini ya kuuza. Wengi wao walitoka mbali, Rasi ya Mashariki na Lesotho, na walisema fedha inayobaki mkononi ni kati ya randi 4,000 na 5,000 kwa mwezi, ya kugawa kati ya kibanda cha mabati pale Nkaneng, mtaa wa mabanda jirani na mgodi, na familia iliyobaki kijijini. Kampuni ilikuwa imeahidi, katika mpango uliofungamana na leseni yake, kujenga nyumba 5,500 kabla ya mwisho wa 2011. Zilijengwa 3, za mfano.

Tarehe 9 Agosti wachorongaji walikutana, wa chama hiki cha wafanyakazi na wa chama kile, wakakubaliana kudai randi 12,500 na kulipeleka dai hilo wenyewe. Kesho yake waliandamana hadi ofisi za kampuni. Waliambiwa wapitie NUM, chama cha wachimbaji kilichotambuliwa na kampuni. Tarehe 11 wakaelekea ofisi ya NUM, na huko walipigwa risasi na watu wa chama chao wenyewe, wawili walijeruhiwa. Hapo ndipo walipopanda kale kamlima ka mawe karibu na Wonderkop na kuketi. Waliotoka Pondoland, sehemu ya Rasi ya Mashariki, walijua maana ya kukutana mlimani. Wazee wao walikuwa wakikutana hivyo mwaka 1960, na kwenye mlima wa Ngquza polisi waliwaua watu 11.

Sitaficha kwamba wagomaji nao walimwaga damu. Kabla ya tarehe 16 watu 10 walikuwa wameshakufa, wakiwemo walinzi wawili wa kampuni na polisi wawili. Wale nao walikuwa watu waliokwenda kazini, na familia zao zina haki ya kulia kama nyingine. Lakini mauaji yanadai upelelezi na kukamatwa kwa waliohusika. Hayamwondolei mwajiri wajibu wa kuwasikiliza maelfu waliokaa juu ya mawe wakingoja jibu.

Sasa tumtazame mtu ambaye, kwa maoni yangu, anajibu swali lenu kuliko nadharia yoyote. Cyril Ramaphosa aliiasisi NUM mwaka 1982 akawa katibu mkuu wake wa kwanza. Mwaka 1987 aliongoza mgomo wa wachimbaji zaidi ya 300,000 uliodumu wiki tatu, na makumi ya maelfu wakafukuzwa kazi. Serikali ya makaburu na matajiri wa migodi waliuita siasa, na kweli ulikuwa siasa, kwa sababu mtu asiye na kura hana njia nyingine ya kusema. Miaka 25 baadaye Ramaphosa alikuwa kiongozi wa juu wa ANC, chama kilichokuwa kikitawala, na pia mjumbe wa bodi ya Lonmin mwenye hisa. Tarehe 15 Agosti 2012 aliandika barua pepe akisema yanayotokea Marikana hayawezi kuitwa mgogoro wa kazi. Ni uhalifu wa wazi, na hatua zinazolingana na hali hiyo zichukuliwe. Tume ya Jaji Farlam, iliyochunguza mauaji ya Marikana na kutoa ripoti yake mwaka 2015, haikumtia hatiani, na mwaka 2017 aliomba radhi kwa lugha aliyoitumia. Nayaheshimu yote mawili. Lakini dai la mshahara likishapewa jina la uhalifu, anayetumwa kwenda kulijibu ni polisi.

Na polisi walikwenda. Jioni ya tarehe 16, baada ya Joseph Mathunjwa, kiongozi wa AMCU, chama cha wafanyakazi kilichoshindana na NUM, kupiga magoti akiwasihi watu washuke wasije wakafa, polisi walitandaza waya wa miba, kisha wakafyatua risasi. Watu 17 walikufa pale ambapo kamera ziliona. Wengine 17 walikufa kwenye mawe mengine, mbali na kamera, walikokuwa wamekimbilia. Jumla 34, pamoja na Mgcineni Noki, yule wa blanketi la kijani aliyekuwa msemaji wao. Wachimbaji wapatao 270 walikamatwa, na waendesha mashtaka wakawashtaki kwa mauaji ya wenzao hao 34, kwa kutumia kanuni ya kusudio la pamoja, inayomhesabu kila aliyekuwa kwenye kundi kuwa mhusika, ambayo makaburu waliitumia dhidi ya wapigania uhuru. Kelele zilipozidi, mashtaka yaliondolewa. Hadi leo hakuna askari aliyetiwa hatiani kwa vifo hivyo 34.

Wanasiasa walikuja baadaye. Julius Malema, aliyekuwa ameshafukuzwa ANC, alifika siku chache baada ya mauaji, na mwaka uliofuata chama chake kipya kilizinduliwa Marikana. Je, alivuna kutokana na msiba? Alivuna. Lakini shamba lilikuwa limeachwa wazi na waliotakiwa kulilima. Mgomo uliisha Septemba kwa nyongeza ya hadi asilimia 22, iliyojadiliwa na kampuni ile iliyosema haiwezi kuzungumza nje ya utaratibu. NUM ilipoteza ukanda wa platini kwa AMCU, na mwaka 2014 wachimbaji wapatao 70,000 waligoma miezi mitano wakitaja kiasi kile kile, 12,500.

Kwa hiyo, mhariri, lawama zangu naziweka pale ofisini, tarehe 10 Agosti, watu walipoambiwa wapitie kwa mtu wasiyemwamini tena. Katika siku zile za mlimani wawakilishi wao walisogelea gari la deraya la polisi wakazungumza kupitia kidirisha, na lugha iliyotumika ilikuwa Fanakalo, lugha ya migodini. Ombi lao lilikuwa kwamba mwajiri aje. Hakuja.

Babu naye alifundishwa Fanakalo kabla ya kushushwa chini kwa mara ya kwanza. Hadi uzeeni aliyakumbuka maneno ya kuamrishwa: checha, yaani haraka. Siku moja nikiwa mtoto nilimuuliza, "Na nyinyi babu, mlikuwa mnamwombaje mzungu kitu kwa lugha hiyo?" Akanijibu kwamba hawakuwa wakimwomba. Walimwambia induna.