Maswali ya Wasomaji: Kwa Chombo Kidogo, Mafia hadi Songo Mnara

Toleo lililopita liligusia safari za siku kadhaa kwa chombo kidogo katika pwani ya kusini mwa Tanzania, na barua zilizofuata ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu, kwa sababu ndani yake limo jambo ambalo karibu waandishi wote walisahau kuuliza.

Swali: Ndugu Mhariri, baba yangu ana umri wa miaka 74. Alizaliwa Kilwa Kivinje, akaondoka angali kijana, na sasa anatamani kurudi kwa bahari kama alivyoondoka, si kwa basi. Mwenye chombo mmoja ametupa ratiba ya siku sita kutoka Kilindoni, bandari ya Mafia, hadi Songo Songo, Kivinje, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, na kila siku imeandikwa "kushuka saa nne asubuhi". Magoti ya baba si mazuri. Je, tukubali? *Binti, Dodoma*

Jibu: Dada yetu, kwanza tufikishie mzee shikamoo. Kilichonishtua katika barua yako ni hiyo saa nne asubuhi iliyoandikwa kila siku, kana kwamba bahari nayo huripoti kazini. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa usiku na mchana, na kila siku huchelewa kwa dakika hamsini hivi kuliko jana yake. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani hii hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita tatu, na mahali palipo tambarare kama Kivinje maji hukimbia mbali hata mgeni akadhani bahari imehama. Mwenye chombo atakayemshusha mzee saa nne asubuhi ya bamvua atakuwa anamshusha matopeni.

Nayasema haya kwa kuwa yalinikuta. Miaka kadhaa iliyopita nilipanda chombo ambacho mwenyewe alituapia kwamba tutateremka Songo Mnara baada ya kifungua kinywa, mguu mkavu. Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Kihori, yaani mtumbwi mdogo wa kushushia watu, kilikwama mbali na ufuo, tukashuka katikati ya mikoko, na kwa karibu dakika arobaini tulitembea katika tope lililofika magotini, huku mizizi ya mikoko ikituchoma nyayo. Mwenzetu mmoja alivuta mguu, kiatu kikabaki chini, na hakikuonekana tena. Nahodha, mtu mwungwana, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye alijua tangu jana yake, ila ratiba si yake.

Sasa geuza hesabu. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, maji hujaa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Hayapandi juu sana, lakini hayashuki chini sana pia, na mikondo katika milango ya miamba hupungua nguvu. Watalii wengi huchagua siku za mwezi mpevu kwa ajili ya uzuri wa usiku, nami siwalaumu, ila kwa mtu mwenye magoti mabovu ningechagua tarehe 8 hadi 10, au 22 hadi 24, za mwezi mwandamo, nikapanga siku za kushuka zote ziangukie humo. Mwulize mzee mwenyewe, kwa maana mtoto wa Kivinje wa umri wake huenda alijifunza hesabu hii kabla ya kujua kusoma.

Kuhusu majira, mwezi wa Juni hadi Agosti kusi, upepo utokao kusini, huvuma kwa nguvu, na kutoka Kilindoni kwenda Kilwa ni kwenda kinyume chake, chombo kikipigwa na mawimbi ya omo, yaani ya mbele, kutwa nzima. Machi hadi Mei ni masika, na ingawa tufani kali ni nadra kwetu, kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilipita Mafia na Kilwa na mvua zake zikakata barabara ya kusini pale Somanga. Wakati mzuri ni Oktoba na Novemba, miezi ya tangambili, ambapo kusi imechoka na kaskazi, upepo wa kaskazini, haijashika, na bahari ya asubuhi hulala kama mkeka.

Usilipe kabla ya kuona kwa macho yako leseni ya chombo na cheti cha ukaguzi kutoka TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, maboya ya kuvaa yanayotosha idadi ya watu wote wakiwemo mabaharia, na redio inayofanya kazi, si ile iliyofungwa ukutani kama pambo. Uliza pia, bila haya, kuhusu choo. Katika jahazi la zamani choo ni kisanduku kilichoning'inizwa nje kwenye tezi, yaani nyuma ya chombo, na mzee wa miaka 74 hapaswi kukutana nacho mara ya kwanza usiku, chombo kikiyumba.

Limebaki la Kivinje. Njia nyepesi ni kutia nanga Kilwa Masoko, penye gati, kisha kwenda Kivinje kwa gari, na mwenye chombo atakushauri hivyo. Ningekuwa mimi, nisingekubali. Ratiba nzima na ipinde, Songo Songo irukwe ikibidi, ili mzee aingie Kivinje kwa kihori maji yakiwa yamejaa na kuta za Boma ya Mjerumani zikijitokeza mbele yake. Mengine yote katika safari hiyo anaweza kuyapata kwa basi.

Swali: Asalaam alaykum. Bibi yangu alitoka Kilwa, nami nimezaliwa Muscat. Nitajiunga na chombo Kilwa Masoko, na nina siku moja tu. Niende Kilwa Kisiwani au Songo Mnara? *Msomaji, Muscat*

Jibu: Waalaykum salaam. Kwa siku moja, nenda Kisiwani, ambacho ni mwendo wa dakika chache kutoka Masoko, nawe utakuwa na saa nyingi za kutembea badala ya saa nyingi za kusubiri maji. Lipia kibali Masoko kabla ya kuvuka, na umchukue mwongoza wageni.

Utaanzia Gereza, ngome iliyo karibu na maji, ambayo Wareno waliijenga walipouteka mji mwaka 1505 na ambayo ilijengwa upya zama za utawala wa Waomani, kwa hiyo historia ya nchi zako mbili imo katika ukuta mmoja. Msikiti Mkuu uko hatua chache kutoka hapo, na nguzo zake na kuba zake zimeshinda karne nyingi za mvua. Watu wengi hurudi chomboni baada ya hapo, nami naona ni hasara, maana bado kuna Husuni Kubwa, ng'ambo ya mji, juu ya jabali linalotazama bahari. Ni jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331 na kumsifu kwa ukarimu wake. Lina vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogelea la pembe nane. Kaa ukingoni mwa birika hilo dakika kumi, usipige picha, utazame mlango wa bandari jinsi mwenye jumba alivyoutazama, kwa sababu dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, ilipita hapo na yeye alikuwa akihesabu tanga zilizoingia.

Songo Mnara ni mji wa aina nyingine. Ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14 na haukudumu karne mbili, na kwa hiyo nyumba zake za mawe, zaidi ya thelathini, zimebaki katika mpangilio wake, pamoja na misikiti, makaburi na viwanja, bila mji mpya kujengwa juu yake. Utaingia ukumbini mwa mtu, upite chumba cha ndani, uone vidaka vya kuwekea vyombo. Fremu za milango zimechongwa katika tumbawe, ambalo mafundi walilikata likiwa bichi, limetoka tu baharini, kwa kuwa wakati huo ni laini, nalo hukauka na kuwa jiwe gumu. UNESCO iliorodhesha magofu ya visiwa vyote viwili pamoja katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Ukipata siku ya pili, nenda huko, na usome jibu letu kwa dada wa Dodoma kabla ya kukubaliana saa ya kushuka.

Swali: Kila nikipita Fort Jesus naona mzinga wa meli ya Kijerumani Königsberg. Je, chombo kikienda Mafia kinaweza kupitia Rufiji nikaione meli yenyewe? Pia nataka kuogelea na papa potwe. *Msomaji, Mombasa*

Jibu: Kaka, meli hutaiona. Königsberg ilijificha katika mifereji ya delta ya Rufiji, ikazamishwa na mabaharia wake wenyewe Julai 1915 baada ya kupigwa na manowari mbili za Waingereza, Severn na Mersey, zilizoweza kuingia mtoni kwa kuwa hazikuhitaji kina kirefu. Wajerumani waliing'oa mizinga yake kumi wakaiburuta nchi kavu kwa ajili ya jeshi lao, na mmojawapo ndio huo unaouona Mombasa. Chuma kilichobaki kilikatwakatwa, na kilichosalia kimemezwa na tope. Hata hivyo delta yenyewe, yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki, inastahili nusu siku ikiwa nahodha anaijua mifereji. Kama haijui, msimlazimishe.

Potwe huonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi, wakifuata vijidudu na vidagaa vinavyojaa katika maji hayo. Hawana madhara kwa mtu. Ingia majini taratibu, ogelea ubavuni mwake na si mbele yake, usimguse, na ukiona nahodha anamkimbiza kwa mashine, mwambie azime. Wakati wa kuvuka kwenda upande wa Chole utakuwa umeingia katika Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995, na kuna ada ya kuingia. Ulizeni mapema kama imo katika bei ya chombo, kwa sababu mara nyingi haimo.

Swali: Kutoka Mtwara, tunaweza kuendelea kwa chombo hadi visiwa vya Quirimbas na mji wa Ibo? *Vijana wa Mtwara*

Jibu: Kwa ramani ni jirani, na watu wa huko husema Kimwani, lugha ambayo msikilizaji wa Kiswahili hudaka maneno yake mengi. Lakini Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji lenye visiwa hivyo, imekuwa na mapigano tangu Oktoba 2017, na yamefika hadi visiwani. Sisi hatumshauri mtu yeyote kuvuka Ruvuma kwa matembezi. Ishieni Mikindani, na Msimbati iliyo ndani ya Hifadhi ya Mnazi Bay, ambako matumbawe ni mazuri na wageni ni wachache.

Swali: Sijawahi kupanda chombo cha baharini, nami hata kwenye basi natapika. Nifanyeje? *Msomaji, Arusha*

Jibu: Mwone mfamasia kabla ya safari, umeze dawa kabla ya chombo kung'oa nanga, maana ukishaanza kutapika haikai tumboni. Kula kidogo, mhogo wa kuchemsha au mkate mkavu, wala usisafiri na tumbo tupu. Kaa katikati ya chombo, panapoyumba kidogo zaidi, macho yako yakiwa kwenye upeo wa bahari na si kwenye simu. Ukizidiwa, enda upande ambao upepo unakwenda, si unakotoka. Mabaharia watakushukuru.