Kupimwa kilo uwanja wa Pemba

Swali: Shikamoo bibi. Juzi napanda ndege Chake kwenda Unguja, kijana wa kaunta kanipandisha mizani mie mwenyewe na begi langu, kilo kazisoma kwa sauti watu wote wanasikia, nimeona haya! Ndo sheria gani hii? Msomaji, Wete.

Jibu: Marhaba mwanangu, pole sana. Vile vindege vya Cessna Caravan vina injini moja na siti kama dazeni tu, sasa uzito ukijaa nyuma mkia unaelemewa na ndege haitulii, ndo maana rubani lazima ajue nani akae wapi na mizigo ipangwe vipi, ndege kubwa wanakadiria tu kwa vile watu wengi. Begi mara nyingi mwisho kilo 15, liwe laini, pakacha la maembe lipeleke botini. Ila kusomewa kilo kwa sauti hapana, mwambie aandike kimyakimya.